Ndoo ya Mchanga Mlangoni

Kwenye kituo kimoja cha mafuta pale Mapinga kuna ndoo nyekundu zimetundikwa ukutani, zimejazwa mchanga kwa ajili ya moto. Juzi nilikuwa natoka Dar kwenda nyumbani Bagamoyo, mvua ikanikamata nikibadilisha gari, nikajibanza chini ya paa la kituo kile. Matone yalikuwa yakidondoka kutoka ukingoni mwa bati na kuingia kwenye ndoo moja. Mnaijua harufu ya mchanga mkavu unapopata maji. Wengine huwakumbusha shamba na msimu wa kupanda. Mimi hunirudisha kwenye baraza ya nyuma ya nyumba yetu ya Dunda, kwa mbwa aliyeitwa Karanga.

Najua hapo baadhi yenu mmekunja uso. Mtoto wa Kiislamu, kazaliwa mji mkongwe, kalelewa na bibi anayesoma Yasini bila kufungua msahafu, ana kumbukumbu gani na mbwa zaidi ya kumrushia jiwe? Swali hilo nililiuliza mwenyewe nikiwa darasa la tatu. Nimelibeba hadi chuo kikuu, nikidhani huko ndiko wanakogawa majibu, na nimerudi nalo.

Mwaka ule baba yetu alifariki. Alikuwa amempakia kaka yangu Shabani kwenye pikipiki, wanatoka Mapinga kuangalia kiwanja, lori likawavaa. Baba hakufika hospitali. Shabani, aliyekuwa na miaka kumi na minne, alirushwa majanini, akavunjika mkono tu. "Mkono tu," watu walisema kwenye msiba, wakimshukuru Mungu. Mkono ukaunga. Lakini tangu siku za matanga Shabani hakusema neno tena, si kwa Mama, si kwangu, si kwa wenzake wa shule waliokuja na mwalimu wao wakakaa wakitazama viatu vyao. Alihamia chumba cha uani, akalala ameelekea ukutani. Daktari alimmulika koo akasema koo ni zima.

Nyumba ikajipanga kuzunguka ukimya ule kama maji yanavyozunguka jiwe. Bibi, mama yake Baba, alipika, mimi nikapeleka sahani. Mama aliniuliza kama amekula, mimi nikarudisha jibu. Bibi hata jina lake aliacha kulitaja. "Mpelekee huyo wa uani," alisema, naye hakuinua macho kutoka kwenye sufuria. Mimi niliona ni kawaida. Nilidhani bibi hawapelekei wajukuu sahani, kama vile wafalme hawapelekei watu maji.

Dawa zilitafutwa. Bibi aliagiza kombe: aya zikaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa maji ya waridi, Shabani akayanywa bila ubishi. Mimi nilionja yaliyobaki, nikamuuliza Bibi maandishi yakishafika tumboni yanajuaje njia ya kwenda kooni. Bibi alikuwa akiniita Kadhi tangu nianze kusema, kwa sababu ya maswali.

"Kadhi," akasema, "'kwa nini' ni ya Mungu. Yako wewe ni 'namna gani'. Yashike hayo utaishi vizuri."

Sikuyashika, na sijui kama naishi vizuri.

Aliyeleta habari ya mbwa ni Dada Eliza, mshauri wa vijana aliyekuwa akija hospitalini kutoka Dar. Alimwambia Mama kwamba yeye na mzee mmoja wa Mapinga hujitolea kuwatembelea vijana waliopatwa na misiba mizito, na kwamba huambatana na mbwa aliyefunzwa kukaa na mtu asiyetaka kukaa na watu. Mama aliimeza habari hiyo siku nyingi. Aliitoa wakati Bibi anakuna nazi, nadhani kwa sababu hapo Bibi mikono yake ina kazi.

Mbuzi ya nazi ikaacha kukwaruza.

"Mbwa?"

"Mbwa, mama."

"Mbwa huyu huyu wa kubweka?"

"Wanasema huyu habweki."

"Basi ana kasoro."

Akarudi kwenye nazi yake. Kisha, bila kumtazama Mama, akasema malaika hawaingii kwenye nyumba yenye mbwa. Mimi masikio yakasimama. Tulikuwa tumefundishwa madrasa kwamba kila mtu ana malaika wawili wanaoandika matendo yake. Nikauliza: mbwa akiingia, wale wawili wanasubiri nje? Na nikifanya kosa kwa wakati huo, nani anaandika?

"Wasioingia ni malaika wa rehema," Bibi akasema. "Wa kuandika hawana likizo. Usifurahi."

Ndipo Mama, ambaye sikuwahi kumsikia akimpinga mkwewe hata kwenye chumvi, akasema kwa sauti ndogo, "Mama, rehema nayo humu ndani naiona imetoka zamani. Mtoto wangu hatoki, hasemi. Nifanye lipi?"

Bibi alimaliza kifuu, akachukua kingine, akakimaliza nacho, nasi tulikuwa na nazi nyingi siku ile kuliko tulivyohitaji. Mwishowe akasema, "Aje huyo mzee. Mwenyewe. Mbwa abaki kwake."

Mzee Kondo akaja na kanzu iliyopigwa pasi, amevua viatu mbali na mlango. Alikuwa Mkwere wa Miono, aliwahi kuwa polisi upande wa mbwa, na baada ya kustaafu alijenga Mapinga. Kwa umri hakupishana sana na Bibi, lakini alimwamkia, na Bibi akapokea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unaswali?"

"Naswali, mama."

"Na mbwa unamshika."

"Namshika. Nina nguo za mbwa na nguo za swala. Hazijawahi kuonana."

"Anakulamba?"

"Halambi. Nimemfunza mwenyewe, mdomo unakaa umefungwa, mkavu. Kikavu kwa kikavu hakuna najisi. Lakini hayo wewe unayajua kuliko mimi."

Bibi alijifunga vizuri mtandio. Nilikuwa namjua: amefurahi na hataki ionekane. Alimuuliza polisi walikuwa wanawafunza mbwa kitu gani, Mzee Kondo akasema kukamata. Na sasa? Sasa anawafunza kutofanya kitu. "Na hii ndiyo ngumu, mama. Mbwa kukamata anazaliwa anajua. Kutulia tu mpaka umlee."

Masharti Bibi aliyatoa palepale, moja baada ya jingine, kama mtu aliyeyafikiria siku nyingi. Mbwa asivuke kizingiti. Baraza ya nyuma ina paa lakini si ndani, hapo itatosha. Siku ya mvua wasije. Mbwa awe mkavu, na mtoto awe mkavu: asitoke kuoga, asiwe na jasho. Na ndoo ya mchanga ikae mlangoni. Nanyi mnajua, au mnaambiwa sasa: kwetu kitu kikiguswa na ute wa mbwa huoshwa mara saba, na moja kati ya hizo huwa kwa mchanga.

Mchanga nilitumwa mimi, kwa jirani aliyekuwa anajenga. Nilirudi na nusu ndoo, nikidhani kazi imekwisha. Bibi akaenda jikoni, akatoka na chekeche yake ya unga wa mchele. Chekeche ile sisi hatukuruhusiwa hata kuitundua. Akakaa chini, akauchekecha mchanga wote, kokoto akazitupa, akachekecha tena, mpaka ukawa laini kama unga wa sembe. Mama alisimama mlangoni mdomo wazi. Bibi akasema jambo likifanywa lifanywe, akaitundika chekeche kwenye msumari wa uani. Haikurudi jikoni tena.

Jumamosi iliyofuata pikapu kuukuu ya Dada Eliza ikasimama nje, na mtaa mzima ukagundua una shughuli upande ule. Watoto walipanda ukuta. Bi Mwantumu, jirani yetu, alitoka na ufagio ingawa alikuwa ameshafagia.

"Mama Shabani," akaita, "siku hizi kwenu mnapokea wageni wenye mikia?"

"Wenye midomo mirefu tumewazoea," Bibi akajibu kutoka ndani.

Mimi nilikuwa natarajia mbwa wa polisi, mkubwa, mweusi, masikio juu. Akashuka mbwa koko, wa rangi ya karanga zilizokaangwa, sikio moja limevunjika. Wa namna hiyo wako kila jalala. Mzee Kondo safari hii alikuwa amevaa ovaroli, mfukoni ana dagaa wakavu waliomfanya anuke kama soko. Akamfuta mbwa mgongo na mdomo kwa taulo. Karanga alipotoa ulimi kwa joto, mzee akasema taratibu, "Kavu," na mdomo ukafungwa kama droo.

Wakakaa barazani, karibu na mlango wa chumba cha Shabani. Mlango ukabaki umefungwa. Karanga akajilaza, akaweka kidevu sakafuni. Muda ukapita, hakuna kilichotokea. Nikamsogelea Dada Eliza.

"Mbwa anafanya nini?"

"Kazi."

"Mbona amelala?"

"Ndiyo yenyewe."

Nilichanganyikiwa kiasi cha kukasirika. Kombe angalau lilikuwa na rangi. Na kwa kuwa hakukuwa na kingine cha kutazama, nilifanya utafiti wangu wa kwanza maishani: nikageukia ukuta, nikamtukana Bi Mwantumu kimoyomoyo, halafu kwa kunong'ona, ili nione kama malaika wa kuandika kweli wapo mbwa akiwepo. Jioni nikajing'ata ulimi nikila. Nilikaa nalo usiku mzima. Ilikuwa adhabu, au nilikuwa nakula haraka? Ushahidi haukutosha.

Jumamosi zikaenda hivyo. Kisha moja, mlango ukafunguka kiasi cha kiganja. Nyingine, Shabani akakaa kizingitini, magoti juu, macho kwenye mwembe wa jirani. Karanga hakumfuata. Alijivuta kidogo, akasita, akajivuta tena, kama mtu anayesogeza mkeka kwa aibu, mpaka kidevu chake kikafika juu ya unyayo wa Shabani. Shabani akautazama ule uzito. Hakuuondoa mguu.

Ikaja Jumamosi ya mvua, na wao kwa masharti hawakuja. Shabani alikaa kizingitini asubuhi nzima akiangalia njia. Mama alilia jikoni, na mimi sikuelewa analia nini, kwa sababu nilidhani tumepata hasara. Sikujua kwamba kumwona akingojea kitu ilikuwa habari njema kuliko zote tulizopata tangu msiba.

Bibi siku zote hizo alikaa ndani, nyuma ya pazia la mlango wa kati, na tasbihi. Tuliona kivuli chake tu. Sikuwahi kumwona akitoka kumtazama Shabani, wala Shabani kumtazama yeye. Nilidhani anamwogopa mbwa.

Siku yenyewe ilikuwa ya jua kali. Shabani alikuwa amekaa na Karanga ubavuni, mkono juu ya mgongo wake, mkono ule uliovunjika. Nje barabarani pikipiki ikafunga breki ghafla, ikaserereka, mtu akapiga kelele. Hakuna aliyeumia, baadaye tuliambiwa ni mbuzi alikatiza. Lakini Shabani alikuwa ameshajikunja kama karatasi inayoungua. Akamkumbatia mbwa shingoni kwa mikono miwili, akaweka uso kwenye manyoya yake, akalia. Hakuwa amelia mazikoni, na hata arobaini ya Baba ilipita macho yake yakiwa makavu. Sasa aliloa uso, shingo na kifua, machozi na makamasi, na mbwa akaloa pamoja naye.

Na Karanga akageuza kichwa, akamlamba.

"Kavu," Mzee Kondo akasema.

Karanga akalamba tena, jicho hadi kidevu.

"Karanga. Kavu."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mbwa yule akikataa. Mzee Kondo akainuka, uso umemharibika, si kwa hasira, kwa haya. Alikuwa ametoa ahadi kwenye nyumba ya watu. Akanyoosha mkono kushika ukosi wa mbwa.

"Mwache."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, pazia liko begani kwake.

"Mama, ameshamlowesha mtoto. Nisamehe, sijui leo—"

"Nimeona. Mwache alie. Mchanga upo."

Tukangoja wote. Dada Eliza alitazama sakafu. Kulia kule kulichukua muda ambao mtoto hawezi kuupima, kisha kukapungua, ikabaki kwikwi. Mzee Kondo akamwondoa Karanga taratibu, akampeleka garini. Mama alikuwa tayari amekunja mikono ya gauni na kushika kata ya maji. Bibi akamnyang'anya.

"Lete hapa."

Akakaa kwenye kigoda, akamvuta Shabani, akamkalisha chini katikati ya magoti yake kama anavyokalishwa mtoto wa kusukwa nywele. Akachota mchanga, akauchanganya na maji kiganjani, akampaka usoni. Paji, mashavu, nyuma ya masikio, chini ya kidevu. Akasuuza. Moja. Akamwagia maji, mbili. Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole, maana kanuni niliijua na nilitaka kuona mwisho wake. Tatu, nne, tano, sita, saba.

Bibi akachota mchanga tena.

"Bibi," nikasema, "saba imetimia."

"Haijatimia."

Akapaka, akasuuza, akamwagia. Vidole vikakaribia kuniishia.

"Bibi, sasa umepita."

"Kadhi, nyamaza. Nahesabu."

Bibi, aliyeweza kufika mia kwenye tasbihi huku anabishana na muuza samaki, alikuwa amepotea kwenye saba. Nilimtazama Mama ili amrekebishe. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa kanga.

Mchanga ukaingia kwa mara nyingine, na hapo ndipo tukasikia, kutoka chini ya ile mikono:

"Bibi. Machoni."

Haikuwa sauti ya Shabani. Shabani tuliyemjua alikuwa na sauti nyembamba ya kuimba kaswida. Miezi ile ya kunyamaza, sauti yake ilikuwa imevunjika ikakua peke yake humo ndani bila mtu kuisikia, na iliyotoka ilikuwa nzito, yenye mkwaruzo mwishoni. Ilikuwa ya Baba. Kata ikamponyoka Bibi. Nilimwona amefumba macho, mikono imesimama kwenye mashavu ya yule mtoto, kama mtu anayesikiliza hatua za mgeni kwenye kichochoro.

"Fumba, baba," akasema mwishowe. "Fumba. Nakuosha."

Baadaye kila mtu alikuwa na maelezo yake. Mama alisema ni mbwa. Bibi alisema ni kombe, ila lilichelewa kufika. Ustadhi wetu wa madrasa alisema ni dua ya wengi. Dada Eliza alisema machozi yalikuwa yanasubiri pa kuangukia. Bi Mwantumu alisema yeye alijua tangu mwanzo. Shabani alirudi kwenye maneno polepole, kama mtu anayerudi kwenye nyumba aliyohama, akiomba chumvi, akiniambia niondoke mlangoni. Alirudi shule muhula uliofuata. Karanga aliendelea kuja muda mrefu, na Bibi hakumgusa hata siku moja, lakini kila Jumamosi aliuliza, "Yule mwenye mdomo mkavu amekula?" na kulikuwa na mfupa kwenye jani la mgomba, nje ya kizingiti.

Chuoni nilisoma mambo ya akili na tabia za watu. Nilimweleza mhadhiri wangu kisa hiki, nikamuuliza nini hasa kilichofanya kazi. Akasema inawezekana vyote. Nililipa ada kwa jibu hilo.

Lakini likizo moja, Bibi akiwa ameshatangulia, Mama aliniambia jambo ambalo sikulijua. Usiku wa kwanza wa matanga, watu wakiwa wametapakaa kwenye mikeka, Shabani amefungwa mkono kwa plasta, Bibi alimtazama akasema mbele ya wanawake: "Na huyu alikuwa ameshika nini, hata asimshike mwanangu?" Mwanamke aliyezika mwanawe wa pekee mtu humwacha aseme. Lakini Shabani alisikia. Na tangu usiku ule, Mama alisema, Bibi hakumgusa tena, wala hakumtazama usoni, mpaka ile siku ya mchanga.

Kichwani nilizirudia sahani zote nilizobeba. Nililirudia pazia. Nilimpigia Shabani, ambaye sasa ni fundi umeme Tanga na ana watoto wanaomchosha kwa maneno, nikamuuliza anakumbuka nini. Akasema mbwa anamkumbuka harufu tu. Anachokumbuka ni kwamba Bibi alikuwa anakosea hesabu, na yeye alijua, na alikuwa anaomba asigundue.

Basi pale Mapinga mvua ilipokatika, nilifanya jambo ambalo kijana wa kituo cha mafuta alilitazama kwa mashaka. Niliingiza mkono kwenye ndoo nyekundu, nikausugua ule mchanga kati ya vidole. Ulikuwa na kokoto, na vipande vya maganda ya chaza. Kwa moto unatosha. Hata bakuli lililolambwa na mbwa unalitosha. Kanuni haikutaja mchanga laini. Anayeuchekecha mpaka uwe kama unga, kwa chekeche anayoipenda, ni mtu anayejua utakwenda usoni mwa mjukuu.

Na Bibi alichekecha kabla mbwa hajafika, wakati masharti yake yote yalikuwa ya kuhakikisha hakuna uso utakaoloa. Nimekaa na hilo tangu juzi. Mhadhiri sina tena, Bibi hayupo, na 'kwa nini' ni ya Mungu. Nilikung'uta mkono, nikapanda gari, na harufu ile ikaja nami hadi Dunda.